Lita Tatu au Lita Nne na Ushei? Injini ya Land Cruiser Kuukuu ya Pwani

Ami yangu anakaa Likoni na kazi yake ni kuuza maji. Kiangazi kikikaza kule Kinango na Ndavaya, tangi la lita 1,000 hupandishwa nyuma ya pikapu yake ya Land Cruiser, BJ75, likajazwa maji ya kisima ya mifugo na ya kufulia, na kabla ya adhana ya alfajiri gari liko njiani kupanda Kwale. Mwaka huu injini imechoka. Ni 3B, ile ile iliyotoka nayo kiwandani: silinda nne, cc 3,431, dizeli isiyo na tabo, kile kifaa kinachoshindilia hewa ndani ya injini. Ukifungua kifuniko cha oili huku inanguruma, moshi unatoka kwa mapigo kama mtu anayetweta. Hakuna aliyeiharibu, ni umri umefika.

Fundi wake wa Changamwe akamtajia injini mbili zilizotumika, zote zimetoka Japani. Moja ni 1KZ: lita 3.0, silinda nne, ina tabo. Ya pili ni 1HZ: lita 4.2, silinda sita, haina tabo. Ami akanipigia simu usiku. Baada ya shikamoo na marahaba aliuliza swali moja tu: "Kubwa au ndogo, mwanangu?"

Nilijua jibu alilokuwa akilitarajia, maana ndilo linalotolewa karibu kila gereji: kubwa ina nguvu, ndogo inabana mafuta, chagua unachotaka. Jibu hilo limewatia watu hasara. Mtu anafunga injini, mwaka haujaisha anaing'oa tena. Nikamwomba anipe siku mbili, na haya ndiyo niliyomweleza, nimeyapanua kidogo kwa ajili ya yeyote mwenye fowili kuukuu, gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, na injini iliyokwisha.

Karatasi inasema sare

1HZ ilianza kufungwa kwenye Land Cruiser mwaka 1990. Ina ujazo wa cc 4,164. Nguvu yake ni takriban kilowati 96, yaani nguvu farasi 130 hivi, inapozunguka mara 3,800 kwa dakika. Nguvu ya kuzungusha, ile mafundi wanayoiita toki, na ambayo ndiyo inayolisogeza gari lenye mzigo, ni takriban nyutoni-mita 285 kwa mizunguko 2,200.

1KZ, kwa jina kamili 1KZ-TE, ilifuata mwaka 1993, na ujazo wake ni cc 2,982. Matoleo yake ya mwanzo ya soko la Japani yana takriban kilowati 96. Toki yake ni takriban nyutoni-mita 289 kwa mizunguko 2,000.

Hebu zisome tena. Injini moja imeizidi nyingine kwa zaidi ya lita nzima ya ujazo, karibu asilimia 40, na bado nguvu zao zimetoka sare. Toki ya ile ndogo imezidi kwa chembe, tena inafika kileleni mapema kidogo. Basi ile kauli ya "kubwa ina nguvu" haina msingi hapa. Anayechagua baina ya hizi mbili anachagua namna nguvu ile ile inavyopatikana, na ni kipi ndani ya gari kitakachoumia kwa kuipata.

Liko jambo moja lililonishangaza nilipokaa na vipimo. Pistoni ya 1HZ ina kipenyo cha milimita 94 na hupanda na kushuka milimita 100. Ya 1KZ ina kipenyo cha 96 na safari ya 103. Yaani pistoni ya injini tunayoiita ndogo ni nene zaidi na inakwenda mbali zaidi. Udogo wake wote uko kwenye hesabu ya silinda: nne badala ya sita.

Nenda kivuko cha Likoni wakati maji yamekupwa. Feri ikishusha mlango wake, njia ya kutokea inakuwa mwinuko mkali, na hapo utawaona vijana wa mikokoteni wakiinamisha migongo. Mkokoteni wa magunia ukisukumwa na watu sita unapanda. Ukisukumwa na wanne unapanda vile vile, mradi wanne hao wameshiba na wanakaza. Mzigo haukubadilika na mwinuko haukubadilika, ila kila mmoja wa wale wanne anasukuma sehemu ya wenzake wawili ambao hawapo. Gawa toki ya 1HZ kwa silinda sita, kila moja inachangia kama 47. Gawa ya 1KZ kwa nne, kila moja inachangia 72. Kila silinda ya 1KZ inabeba nusu zaidi ya mwenzake. Chakula chake ni hewa inayosukumiwa na tabo, na jasho lake ni joto.

Karibu kila tofauti ya injini hizi mbili, kuanzia zinavyotambaa mchangani hadi namna zinavyokufa, inatokana na hesabu hiyo.

Hewa kwanza

Injini ya dizeli huchoma mafuta kwa kadiri ya hewa iliyonayo. Kwa kuwa kila silinda huvuta hewa mara moja kila mizunguko miwili, hesabu ni nyepesi: kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, 1HZ inavuta lita 4,164 za hewa kila dakika, na 1KZ ingevuta 2,982 kama ingeachwa peke yake. Pengo ni lita 1,200 hivi. Tabo ndiyo inayoliziba kwa kuishindilia hewa, na kwa kuziba pengo hilo tu inabidi iongeze mgandamizo wa kama nne ya kumi ya ule wa hewa ya kawaida.

Ila tabo huzungushwa na moshi wa ekzosi. Injini ikiwa taratibu, moshi ni mchache, tabo imelala, na kwa muda huo 1KZ ni injini ya lita tatu kavu. Kwenye lami huo ni muda mfupi tu. Kwenye mchanga ni jambo jingine. Chukua mto mkavu ule wa njia ya Ndavaya: unaushuka polepole, matairi umeyapunguza upepo, na unataka gari lianze kupanda ng'ambo bila gurudumu kuteleza hata mara moja, maana likiteleza linachimba. Unataka nguvu itoke chini kabisa, kwa mizunguko 1,000 au 1,200, na itoke sawasawa. 1HZ inayo hapo hapo, kwa sababu hewa yake haingojei kitu. Halafu silinda sita zinawaka mara tatu kila mzunguko, nne zinawaka mara mbili, kwa hiyo msukumo wa sita unafika kwenye gurudumu kwa vipande vidogo vinavyofuatana karibu karibu. Dereva aliyezoea anauhisi kwenye nyayo za miguu.

Sitaki kuionea 1KZ. Dereva anayeijua hutia gia ndogo ya fowili mapema, akaacha injini izunguke juu kidogo, tabo ikaamka, na gari likapita. Na ukiwa umetoka Mazeras unapanda kuelekea Mariakani na gari halina mzigo, 1KZ ni tamu zaidi kuendesha: unakanyaga, inakusubirisha kidogo, kisha inakubeba.

Sasa kuna jambo ambalo watu wa Pwani hawalitilii maanani, na kwangu lina uzito kuliko mengi: ushauri mwingi wa injini nchini unatoka Nairobi, na Nairobi iko juu ya bahari kwa takriban mita 1,700. Huku kwetu hewa ina mgandamizo wa hektopaskali kama 1,013. Nairobi ni kama 830. Hiyo ni karibu sehemu moja ya tano iliyopungua, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo hiyo, maana inavuta ujazo ule ule wa hewa iliyo nyepesi. Tena kama pampu yake ya dizeli haina kifaa cha kurekebisha kwa ajili ya mwinuko, inaendelea kupeleka mafuta yale yale, hewa haitoshi kuyachoma, na ndipo unapoona moshi mweusi nyuma ya gari lililokuwa safi huku chini. Injini yenye tabo huteseka kidogo sana kwa hilo.

Kwa hiyo mtu wa Nairobi au Nanyuki anapokwambia 1HZ ni nzito, inakokota miguu, huenda anasema kweli kabisa, kwa hewa ya kwao. Hapa Mombasa injini hiyo hiyo inapata hewa yote iliyotengenezewa. Safari ya juu kabisa ya ami ni mji wa Kwale, kama mita 400 juu ya bahari, ambako hupoteza asilimia nne au tano. Angekuwa mtu wa kupandisha mizigo bara kila juma, ningemshauri vingine.

Na mafuta? Ndogo hubana, lakini si kwa kiasi ambacho watu wanakidhania. Gari likiwa tupu, barabara tambarare, silinda nne zina msuguano mdogo kuliko sita, na hapo 1KZ itakula kidogo. Pakia tani moja ya maji, tofauti inasinyaa, kwa sababu dizeli inayochomwa inafuata kazi inayofanywa, na kazi ya kupandisha tani moja hadi Kwale ni ile ile kwa injini yoyote. Isitoshe, zote mbili ni za mtindo wa zamani wa kuwashia mafuta kwenye kijumba kidogo ndani ya hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda, kabla moto haujashuka kwenye pistoni, kwa hiyo hakuna inayojivunia teknolojia bora ya uchomaji. Anayebadilisha injini kwa ajili ya mafuta peke yake apige hesabu kwanza: gharama ya kubadilisha huchukua miaka kurudi.

Joto na maji ya kisima

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo injini zinapofia.

Silinda hedi ya 1HZ ni chuma cha kusubu, kama bloku yake, yaani kiwiliwili cha injini chenye silinda. Hedi ya 1KZ ni ya aluminiamu, imekaa juu ya bloku ya chuma. Aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Muda wote joto likiwa kwenye kiwango chake, gasketi na bolti zinavumilia tofauti hiyo. Joto likipanda ghafla, hedi inataka kutanuka, bloku inaikataa, na chuma kinatafuta pa kupasukia. Kwa kawaida ni ule ukuta mwembamba ulioko baina ya tundu za valvu na kile kijumba cha moto. Kumbuka na ile hesabu ya mkokoteni: hii ndiyo injini ambayo kila silinda yake inabeba nusu zaidi. 1KZ inajulikana kwa kupasua hedi, na haipasuki kwa sababu ni mbovu. Inapasuka kwa sababu haikuachiwa nafasi kubwa ya kusamehe dereva aliyepuuza geji ya joto.

Nimewahi kusimama kwenye benchi la gereji, hedi ya 1KZ imelazwa kifudifudi imeshasafishwa. Kwa macho huoni kitu. Fundi akapulizia rangi nyekundu nyembamba, akangoja, akaifuta kwa kitambaa, kisha akapuliza unga mweupe juu. Baada ya dakika chache ukachomoza mstari mwekundu mwembamba kama unywele, kutoka valvu moja hadi nyingine. Lakini kilichonishika zaidi ni njia za maji pembeni yake. Kingo zake zilikuwa zimeliwa, zina vishimo vishimo, kama mbao iliyoingiwa na mchwa. Nikamuuliza mwenye gari alikuwa akitia nini kwenye rejeta. "Maji tu," akasema. Maji ya wapi? Ya kisima cha nyumbani.

Maji ya visima vingi vya Mombasa yana chumvi. Tunayajua kwa sabuni isiyotoa povu na kwa sufuria inayobaki na ukoko mweupe. Chumvi hiyo ikiingia kwenye injini inafanya mambo mawili kwa pamoja: inakula aluminiamu, hasa inapogusana na chuma ndani ya maji yale yale, na inaacha ukoko ndani ya mirija ya rejeta ambao unazuia joto kutoka. Hedi inadhoofika na joto linapanda, siku moja barabara ya Kwale, saa saba mchana, tangi limejaa.

Chuma cha 1HZ nacho hushika kutu, nisije nikaeleweka vibaya. Lakini kinachukua miaka mingi kufika pale aluminiamu inapofika haraka. Kwa gari la kazi, linaloendeshwa na zaidi ya dereva mmoja, mahali ambapo mtungi wa kwanza unaokamatwa rejeta ikipungua ni ule wa kisimani, tofauti hiyo ni kubwa.

Anayechukua 1KZ basi asiifunge na rejeta ya zamani. Aweke mpya, ajaze kulanti, ile dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji yasiyo na chumvi, na afunge geji ya joto inayosoma kweli, kwa sababu nyingi za kwenye dashibodi hukaa katikati muda mrefu kisha hupanda wakati umeshachelewa. Aizoeze na kutulia dakika moja mbili kabla ya kuzimwa, oili iipoze tabo. Akifanya haya, ataishi nayo vizuri.

Wako pia wanaofikiria njia ya tatu: kuchukua 1HZ na kuitia tabo wapate vyote viwili. Inawezekana, na wengi wamefanya. Lakini 1HZ inashindilia hewa zaidi ya mara 22 hata kabla ya tabo, kwa sababu ilibuniwa kuvuta hewa yake yenyewe. Ukiisukumia hewa na kuongeza mafuta bila kupima joto la moshi kwenye ekzosi, hedi ya chuma nayo inapasuka pale pale kwenye vijumba vya moto. Toyota walipotaka tabo kwenye ujazo huo wa 4.2 walitengeneza injini nyingine, 1HD-T, wakabadilisha na namna ya kuchoma mafuta. Ami nilimwambia hilo aliondoe akilini.

Herufi kwenye chesisi

Haya yote yangeweza kuwa kazi bure kama gari lenyewe limeshaamua. Na mara nyingi limeshaamua.

Familia ya Land Cruiser 70, iliyoanza mwaka 1984, ina koo mbili zinazofanana sura. Ukoo mzito ni wa kina BJ, HJ, PZJ na HZJ. Ukoo mwepesi ni wa LJ na KZJ, ambao baadaye ulizaa Prado. Mzito wa zama hizo una springi za vyuma bapa vilivyopangwa mbele na nyuma, mwepesi una springi za koili. Eksi na difu za mwepesi ni ndogo. Herufi hizo zimepigwa kwenye kibati kilichoko ndani ya boneti, na zinakuambia injini gani Toyota wenyewe waliifunga: HZJ ni 1HZ, KZJ ni 1KZ.

Mwenye LJ70 au LJ78 ambaye injini yake ya 2L-T ya lita 2.4 imepasuka hedi hana haja ya kukesha. Ndugu yake KZJ alizaliwa na 1KZ, mauntingi, vile vishikio vya injini kwenye chesisi, zinapatikana, gia boksi ni ya jamii moja, eksi zinaubeba uzito. Akilazimisha injini ya silinda sita ya chuma mle, pua ya gari inainama, koili zinachoka, na urefu wa injini unaisukuma feni hadi kwenye rejeta. Achukue ya 3.0 na pesa iliyobaki aitie kwenye rejeta.

Mwenye BJ75 kama ami yuko upande wa pili. HZJ75 ni gari hilo hilo, chesisi hiyo hiyo, lililotoka kiwandani na 1HZ. Mauntingi zake ni vipuri vya dukani na hakuna haja ya kuchomelea vyuma vya kubuni. Gia boksi ya H55F ya gia tano ilifungwa nyuma ya 3B na pia nyuma ya 1HZ, kinachotofautiana ni ile sehemu pana ya mbele inayofunika klachi, ambayo mafundi huiita belihauzi, pamoja na klachi yenyewe. Ukifunga 1KZ kwenye BJ75, itakuja na gia boksi yake, na gia boksi ikibadilika, mtambo wa fowili unaogawa nguvu mbele na nyuma unabadilika, propela shafti mbili zinakatwa na kusawazishwa upya, na mahali pa vijiti vya gia panahama. Kila kimoja kinafanyika, na kila kimoja ni siku za fundi.

Kuna na hili la Mombasa hasa. Pikapu za Land Cruiser 79 zinazonunuliwa na polisi na mashirika zinaunganishwa hapa hapa Miritini, na 1HZ bado ni injini yao. Mkanda wa taimingi, pampu ya maji, gasketi, nozeli: vipo madukani Mwembe Tayari leo na vitakuwepo kesho. 1KZ nayo ina vipuri kwa sababu ya Prado na Hilux Surf nyingi zilizoingia, ila ni gari za zamani zinazopungua barabarani mwaka baada ya mwaka. Tena 1KZ-TE ina kompyuta inayoongoza pampu yake ya dizeli. Kompyuta hiyo na nyaya zake lazima zinunuliwe pamoja na injini, kutoka kwenye gari moja, na baada ya hapo ziishi na hewa yetu ya chumvi inayotia ukungu wa kijani kwenye kila kiunganishi cha shaba. Pampu ya 1HZ ni ya kimakenika. Ikipata dizeli safi na waya mmoja wa kuwashia, inafanya kazi.

Kabla ya kutoa pesa

Injini ya kutumika isinunuliwe ikiwa imekaa kimya. Iwashwe pale pale sakafuni, ikiwa baridi. Kifuniko cha oili kifunguliwe: oili ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani yake. Igeuzwe kwanza kwa mkono, kwani injini iliyosafiri kwenye kontena midomo wazi huenda ilimeza maji ya bahari na pete za pistoni zimeshika kutu. Mkanda wa taimingi ubadilishwe hata kama unaonekana mpya, maana ukikatika kwenye injini yoyote kati ya hizi, pistoni zinagonga valvu.

Angalia sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. 1HZ ilifungwa pia kwenye basi dogo la Coaster, na injini iliyotoka kwenye basi inaweza kuwa na sampu isiyoipisha difu ya mbele ya fowili. Kisha angalia umeme. Magari mengi ya dizeli ya ukubwa huo ya soko la Japani yalitumia volti 24, na ya huku mengi ni ya 12. Starta, altaneta na hita plagi (zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha) za volti 24 zikiunganishwa kwenye betri moja ya 12, starta itazunguka kichovu na plagi hazitapata moto, na utaanza kuilaumu injini isiyo na kosa.

Na karatasi. Logbuku ya Kenya ina namba ya injini na ujazo wake. Ukibadilisha injini, mabadiliko yapelekwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, yaandikwe, kwa hiyo dai risiti na hati za forodha za injini siku ile ile unayoinunua. Gari likipata ajali na namba hazilingani, bima ndio wa kwanza kuliona.

Ami alichukua 1HZ. Ilikuwa imetoka kwenye HZJ, kwa hiyo sampu haikuleta shida, ila starta ilikuwa ya volti 24 na ilibidi itafutwe ya 12 kwa siku tatu. Pikapu imerudi barabarani. Nyuma ya kiti cha dereva, mbali na lile tangi la lita 1,000, kuna jerikeni nyekundu ya lita tano yenye kulanti iliyochanganywa tayari, imefungwa kwa kamba. Juu yake ami ameandika kwa rangi nyeupe "YA REJETA", na utingo ameshaambiwa kuwa maji ya kwenye tangi ni ya wateja peke yao.